Mchumba Aliyetoka London Asubuhi Akafika Sylhet Mchana

Mchumba wangu alitoka London akafika kwetu Sylhet kwa masaa matatu.

Ndiyo, umesoma vizuri. Karibu kilomita elfu nane. Ndege ya watu wengine, ya moja kwa moja, hutumia masaa kumi na zaidi. Yake sijui ilikuwa inakunywa mafuta gani.

Anaitwa Tofayel. Uchumba wetu wote ulikuwa wa simu, sikuwahi kumwona ana kwa ana. Kwetu mtu akishasema anaishi London, hata awe na sura ya ndala iliyokatika, wazazi wanabandika sufuria ya biriani. Baba alishatangaza mtaa mzima: "Rumena wangu anakwenda London!"

Asubuhi hiyo Bibi akazidiwa. Akasema anataka nikaha leo leo, na bwawa lake la samaki atamkabidhi bwana harusi mkono kwa mkono, siyo kwa simu.

Nikampigia.

"Tofayel, Bibi hali mbaya. Uko wapi?"

"London mpenzi, baridi inaniua! Ila kwa ajili ya Bibi, napanda ndege sasa hivi."

Adhuhuri huyo mlangoni. Koti zito la baridi, jasho chapachapa, begi jipya bado lina nailoni ya dukani.

"Mashallah!" mama mdogo akapiga vigelegele. "Mume ndiyo huyu!"

Nikamvuta Mjomba Siraj pembeni. "Mjomba, nimeongea naye asubuhi hii akiwa London."

"We mtoto acha nongwa. Upepo ukiwa mgongoni, ndege inakimbia."

Upepo! Mtu mzima, ndevu nyeupe, anaongea upepo.

Baba naye alijua. Nilimwona akitazama saa ya ukutani, kisha akainamisha macho. Aliogopa majirani kuliko alivyonihurumia mimi. Siku hiyo nilimdharau baba yangu mzazi, na iliniuma.

Kadhi akasogea kwenye pazia lililonitenga na wanaume. "Rumena, umekubali kuolewa na Tofayel?"

Nikajibu:

"Jibu langu liko njiani, shehe. Limepanda ndege London asubuhi hii pamoja na bwana harusi. Yeye amewahi, basi nalo tulingoje litue."

"Litatua lini?"

"Usiku. Kama ndege za watu wote."

Halafu kicheko kikatoka kitandani. Bibi! Mgonjwa wetu tuliyekuwa tunamlilia, kaketi wima, anacheka mpaka machozi.

"Mpeni chai avue koti, asubiri na sisi," akasema. "Na mie nileteeni wali. Sifi leo."

Tofayel akavua koti, akaomba kwenda msalani. Hajarudi mpaka leo. Baadaye tukasikia ana kibanda cha vifaa vya simu pale Moulvibazar, mwendo wa basi tu kutoka kwetu.

Baba huwaambia majirani kwamba mkwe alirudi London kwa dharura. Kwa ndege ileile, nadhani.

Koti tunalo. Bibi hufunikia miguu.

Dada, mwanaume akikwambia anakuja, hesabu masaa. Na ukoo wako ukikwambia ni upepo, hesabu upya.