Kwenda Banalia Kutafuta Mémoire

Niliondoka Kisangani kwa sababu dada yangu aliniita mwizi, tena mbele ya ukoo mzima.

Yaya Aziza (kwetu yaya ni dada mkubwa, na leki ni mdogo mtu, yaani mimi) aliolewa Kindu, na tangu hapo njia yetu ya kucheka pamoja imebaki moja. Kila Jumamosi alasiri tunacheza kandanda kwenye kompyuta, yeye kwake na mimi kwangu, na mimi ndiye ninayerusha mchezo mtandaoni ili mama, mashangazi na binamu watazame kwenye simu zao. Shida ilikuwa mashine yangu. Niliinunua kwa bei ya kutupa kutoka ofisi moja iliyofungwa, na ilitengenezwa kwa kuandikia barua. Kucheza peke yake iliweza kwa taabu. Kucheza na kurusha kwa pamoja, iliganda. Na kwa mkosi wangu, iliganda kila mara Aziza alipokuwa ananiongoza kwa mabao.

"Leki, weye iko muizi!" alifoka Jumamosi ile, wote wakisikia. "Kila fois niko karibu kukupiga, mashine yako inakufa. Unafanya exprès! Samedi ikikufa tena, miye sitacheza na weye. Basi!"

Nilicheka, eti nafanya makusudi. Alipokata simu bila kuaga sikucheka tena, maana Aziza akisema basi, ni basi. Jumamosi bila kelele zake nisingeiweza.

Jumatatu asubuhi nilikuwa sokoni kwa Mama Kavira, mfanyabiashara wa Butembo anayeuza vipuri vya kompyuta vya mtumba. Alinipa diski ya SSD, ile isiyozungukazunguka ndani, na kadi ya picha ndogo, kwa kuwa sanduku la mashine yangu ni jembamba na halina waya wa umeme wa ziada wa kulisha kadi kubwa. Kilichobaki ni memori, ambayo kwetu tunaiita kwa Kifaransa, mémoire: ni meza ambapo kompyuta inaweka kazi iliyo mkononi. Yangu ilionyesha giga nne tu, na meza hiyo ilikuwa imejaa.

"Ya aina yako siko nayo," alisema Mama Kavira. "Ile iko ya zamani, banatu banaitupaka. Tafuta mutu mwenye kuchunga vitu vya zamani. Lakini uende na mashine, ujaribu palepale. Mémoire ya zamani inakufaka bila kusema."

Nyumbani nikafunga kadi. Diski niliibandika pembeni kwa utepe, kwa uvivu wa kufungua kibebeo chake, kile kichuma kinachoshika diski ndani ya mashine. Mashine ikawaka upesi hata nikaishangaa, lakini nilipojaribu kucheza na kurusha, ikaganda vilevile. Kweli ilikuwa memori.

Mtu wa kuchunga vitu vya zamani nilimjua. Tonton Ramazani, kaka wa mama yetu, ni mwalimu mstaafu anayeishi Banalia, na sijawahi kusikia kwamba ametupa hata kifuniko cha kalamu. Nikamtumia ujumbe wa sauti: "Tonton, niko natafuta mémoire ya zamani. Iko kwako?"

Jibu lilikuja mbio. "Mémoire? Mutoto wangu! Iko! Iko malle muzima! Kuya, kuya!"

Sanduku zima la memori. Nilikaribia kuruka ukuta.

Alhamisi alfajiri nilipanda pikipiki ya Dido, kijana wa mtaani kwetu anayeifahamu barabara ile. Mashine ilikataa kukaa kwenye chuma cha nyuma, ingevunjika kabla ya daraja la mto Tshopo, pale mwisho wa mji. Basi nikaifunga mgongoni kwa kikwembe, kama mama anavyombeba mwanawe.

"Mama Zaina," Dido alinitania kwa jina langu, "mutoto wako iko na kona."

Kwenye kizuizi cha kwanza njiani, mlinzi aliinua mti polepole na kumnong'oneza Dido asipige honi, mtoto amelala. Nilimshukuru kwa kichwa. Ningemweleza nini? Baada ya hapo barabara ikawa tope, kisha mashimo, kisha tope ndani ya mashimo, na kila tulipodunda niliomba Mungu aihifadhi ile kadi ya picha.

Jua lilipopanda tulisimama kijiji kimoja kununua kwanga, mkate wa muhogo wa kufungwa majanini. Muuzaji, mama mnene mwenye huruma nyingi, alipitisha mkono mgongoni kwangu kumbembeleza mtoto. Akapiga yowe.

"Mama eh! Mutoto iko baridi! Iko mugumu!"

Kijiji kizima kilikuja. Wengine walikuwa wameshaanza kulia. Nikafungua kikwembe haraka, na pale kwenye mwanga wa Mungu akaonekana mwanangu, mweusi, wa chuma, na kitufe chake cha kuwashia. Kisha yule mama akashika kiuno, akauliza, "Na baba yake iko nani?" Tulicheka mpaka Dido akakaa chini, na kwanga nikaongezewa moja ya mtoto.

Alasiri tulifika Banalia. Tonton Ramazani alikuwa mlangoni amevaa kanzu nyeupe na kofia ya sikukuu, liboke ya samaki aliyepikwa ndani ya majani ikitoa mvuke mezani, na kando yake lile sanduku. Nikaona limepanguswa vumbi. Akalifungua kwa mikono miwili.

Vilikuwa vitabu. Vitabu vya majalada magumu, vilivyochapwa kwa taipu: mémoire, zile kazi ndefu ambazo wanafunzi wa chuo kikuu huandika mwishoni mwa masomo. Za rafiki zake, na juu kabisa, ya kwake mwenyewe, kuhusu kufundisha hesabu katika shule za kando ya mto Aruwimi.

"Chagua," alisema. "Mais unaanza na ya kwangu."

Nikala samaki, na samaki akawa mtamu, na mimi nikaona haya kila tonge. Mzee alikuwa amesimama nyuma ya kiti akiuliza ningependa tuanze ukurasa gani. Mwishowe nikashindwa, nikamwambia yote, toka Aziza mpaka kwanga ya mtoto.

Alivua kofia. "Donc ulikuya na mashine mugongoni ju ya mémoire ya mashine?"

"Ndiyo, Tonton. Munisamehe."

Akacheka, akacheka mpaka akakohoa. "Na miye nilisema, enfin, mutu moja ku famille anataka kunisoma!" Alicheka, lakini kitabu chake hakukirudisha sandukuni, alikiweka magotini. Nilimhurumia kweli.

"Bon, nionyeshe hiyo mémoire yenye kunishinda," akasema.

Nikailaza mashine mezani na safari hii nikafungua kila kitu, hata kile kibebeo cha diski nilichokwepa nyumbani. Chini yake nikakuta vipande viwili vya memori badala ya kimoja. Cha pili kilikuwa kimeinuka kidogo, na meno yake ya dhahabu yalikuwa meusi kwa uchafu. Mashine ilikuwa inakibeba miaka yote bila kukijua, nami nimeibeba hiyo mashine mpaka Banalia kwenda kukitafuta.

"Tonton, muko na gomme?"

Kumwuliza mwalimu kama ana kifutio! Alinipa vitatu nichague. Nikasugua yale meno taratibu, nikapuliza, nikakikandamiza mpaka kikalia tak. Tukaichomeka kwenye televisheni na umeme wake wa jua. Giga nane.

"Nane!" Tonton alipiga kofi. "Na hukununua kitu!"

Ijumaa asubuhi tuligeuza. Mwanangu mgongoni, na mémoire ya Tonton kwenye mfuko, kwa ombi langu. Mnyororo wa pikipiki ulipokatika njiani, Dido akautengeneza nami nikasoma sura ya kwanza nikiwa juu ya gogo. Ni nzuri. Sisemi kwa adabu. Nilimpigia simu palepale kumwambia, na akaniuliza maswali kama mtihani.

Jumamosi alasiri, nyumbani Kisangani, ukoo wote ulikuwa mtandaoni. Mchezo ukaanza, na mashine ikatulia, haikukohoa hata mara moja. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo Mama Kavira hakuniambia: mashine nzuri haikufanyi ushinde, inakuondolea visingizio. Aziza alinipiga bao, akanipiga tena, na tena. Binamu wakaniandikia, "Zima mashine, Leki!" Kidole changu cha mguu kilikuwa karibu kabisa na plagi, sitadanganya.

Dakika ya mwisho akapata penalti. Akaweka mpira, lakini hakupiga, kama anayengoja mashine yangu ife. Mimi nikangoja, ukoo ukangoja. Nikamsikia anavuta pumzi kule Kindu.

"Leki," akasema polepole. "Uko?"

"Niko, yaya. Piga."

Akapiga, akafunga, na aliyeshangilia kwa sauti kubwa kuliko wote nilikuwa mimi.