Bi Puliza na Taa Nyekundu

Shangazi yangu hawezi kuingia chumba chochote bila kupuliza kitu. Mtaa mzima unamwita Bi Puliza, na jina hilo analifurahia kama vile amepewa cheo. Kopo la manukato ya hewa linakaa mlangoni, la kugandishia nywele liko mezani penye kioo, la mbu chini ya kiti, na kwenye mfuko wa aproni ana kichupa cha pafyumu ambacho sijawahi kukiona kikiwa kitupu. Mteja akipiga chafya, anapuliza. Mteja akiinuka, anapuliza kiti. Nilipokuwa mdogo nilidhani ile pssss ndiyo namna yake ya kupumua.

Saluni yake ni chumba cha mbele cha nyumba anayoishi. Viti vitatu vya ngozi bandia, draya mbili, sinki la kuoshea nywele, na pazia la maua linalotenganisha biashara na kitanda chake. Humo ndimo alimolea watoto wake wawili, ambao sasa wako mbali na wanapiga simu wakikumbuka. Mimi pia alinilelea humo. Baba yangu, kaka yake, alifariki nikiwa darasa la pili, na shangazi akanichukua na begi langu na koti la baba. Siku hiyohiyo alilifua lile koti na kulipulizia. Nililia hadi sauti ikakauka, yeye akidhani ninamlilia marehemu.

Huyo ndiye mtu ambaye mkaguzi wa hewa alimkuta.

Alikuwa binti mrefu, asiye na maneno mengi, aliyebeba kimashine kidogo chenye taa tatu. Alisema kuna sheria mpya ya vitu tunavyotumia nyumbani na mwilini: dawa za kupuliza, za sakafu, za nywele, za kucha, manukato. Vile vinavyotoa mvuke kupita kiasi vinaondolewa madukani, na saluni zinapimwa moja moja. Shangazi alimsikiliza huku ameshika kiuno.

"Mwanangu, barabara ile pale imejaa magari yanayotapika moshi mweusi," alimwambia. "Yote hayo umeyaacha, umekuja kukamata kopo langu la nywele?"

"Magari yana wakaguzi wake, mama," yule binti alijibu. "Ila mvuke wa makopo nao unatoka humu, unaenda juu, unakutana na ule moshi na jua, na mji mzima tunauvuta. Halafu nyinyi wenyewe mnauvuta kabla ya wote."

Akawasha kimashine chake. Kikawaka nyekundu na kupiga kelele. Shangazi alicheka, peke yake.

"Nitarudi mwisho wa mwezi," mkaguzi alisema. "Ikiwa nyekundu tena, nitalazimika kufunga chumba. Na hata ikiwa ya njano, siwezi kukupa kibandiko cha kuendelea. Ni lazima iwe ya kijani."

Tangu siku ile shangazi alikosa raha. Chakula alikichokonoa na kukisukuma kando. Akiona mwanamke mrefu anavuka barabara, mkono unamwenda kifuani. Alianza kuniuliza maswali ambayo hayakuwa na majibu: wakifunga, draya ataziweka wapi? Mwenye nyumba atakubali akae nyuma bila biashara ya mbele? Mimi nina mikono, nitasuka popote. Yeye katika umri huu nani atamwajiri? Nilimjibu kwa ukali, maana nami niliogopa na sikutaka ajue.

Tulifanya tulichoweza. Makopo ya zamani tuliyarudisha kwa muuza duka, aliyeyapokea kwa uso wa kununa. Tulinunua dawa za nywele zenye alama mpya, za kupaka kwa mkono badala ya kupuliza. Asetoni ya kufutia rangi ya kucha ikapata chupa yenye kifuniko cha kubana. Tatizo lilikuwa kwamba hatukuwa na namna ya kujua kama tumefika. Shangazi ananiita pembeni, "Nusa hapa. Unasikia nini?" Nanusa. Sisikii kitu. Ananusa yeye. Hasikii kitu. Pua zetu zilikuwa zimestaafu miaka mingi bila kutuaga. Ikabidi tuwaombe wateja, na wateja wakasema kunanukia vizuri, kama siku zote. Hapo shangazi aliketi chini na kushika tama.

Siku yenyewe ilipofika, nilimwacha asubuhi kwa muda mfupi tu, niende kuchukua mataulo kwa dobi. Nilipokunja kona nikaona kioo cha saluni kinametameta, nikajua tumekwisha.

Alikuwa amefanya usafi. Sakafu ameipiga deki kwa dawa ya limau. Vioo amevipulizia dawa ya vioo. Viti vyote vitatu amevisugua kwa dawa ya kung'arisha, hata miguu. Na katikati ya chumba alisimama yeye mwenyewe, amevaa gauni lake la kutokea na aproni juu yake, ameshika kopo la manukato ya hewa ambalo ningeapa tulilirudisha.

"Shangazi! Umefanya nini?"

"Nini tena? Mgeni anakuja. Nimkaribishe kwenye vumbi?"

"Anakuja kupima hayohayo unayopuliza!"

"Nimepuliza kidogo tu," alisema, na sauti ikamshuka. "Kuondoa harufu."

"Harufu ya nini?"

Nilimpokonya kopo, nikafungua dirisha, nikaanza kupepea kwa mfuniko wa boksi kama mtu mwenye wazimu. Nilikuwa na hasira ya kutaka kulia. Na hapo mlangoni, mkaguzi akabisha hodi.

Kimashine hakikusubiri hata avuke kizingiti. Nyekundu, na ile kelele yake. Shangazi alishika mgongo wa kiti.

Mkaguzi alitazama sakafu iliyong'aa, akatazama vioo, akatutazama. "Mmesafisha leo?"

"Nimefanya usafi, mwanangu," shangazi alisema. "Usafi tu. Usafi nao umekatazwa?"

Yule binti alishusha pumzi. Angeweza kufunga palepale, na sheria ingekuwa upande wake. Badala yake alisema, "Fungueni mlango wa mbele na wa nyuma. Pigeni deki tena kwa maji matupu. Nina saluni nyingine za kupitia, siwezi kukaa sana, lakini nitasubiri kidogo."

Alikiacha kimashine ndani mezani, akakaa kwenye ngazi ya nje. Mimi nilipiga deki, shangazi akasukuma hewa kwa taulo. Viti tukavifuta kwa kitambaa chenye maji. Kila mara shangazi alichungulia kimashine, midomo ikimchezacheza. Nyekundu. Nyekundu. Kisha, bila kelele, ikawa ya njano, naye akaniminya mkono hadi kucha zikaniingia.

Ikakwama hapohapo. Tukangoja. Upepo ulipita mlango hadi mlango, pazia la maua likapepea, na taa ikabaki ya njano.

Mkaguzi aliinuka, akakichukua kimashine, akaanza kuzunguka nacho polepole. Kwenye sinki, kijani. Kwenye kabati la dawa, kijani. Kwenye pipa la taka, kijani. Alipofika kiti cha katikati, alipokaa shangazi, ikarudi njano. Akarudi nyuma, kijani. Akasogea, njano. Mimi nilielewa kabla shangazi hajaelewa, na nilitamani nisielewe.

"Mama," mkaguzi alisema taratibu, "naomba utoke nje kidogo."

Shangazi alitoka, amejishika aproni. Alisimama kando ya barabara akatuangalia kupitia kioo alichokisugua mwenyewe. Ndani taa ikageuka kijani, ikatulia. Aliiona. Nilimwona akiiona, na macho yakimtoka.

Aliporudi mlangoni hakuingia. "Kumbe uchafu ni mimi," alisema.

"Sikusema hivyo, mama. Ni pafyumu, na dawa ya mwilini, na kilichopulizwa kwenye nguo."

"Basi mwandikie kijani!" nilisema mimi. "Umeiona mwenyewe!"

"Nikiandika kijani na mwenyewe yuko nje, nitakuwa nimepima saluni ya nani?" Alimgeukia shangazi. "Oga kwa maji na sabuni ya kawaida, ubadili nguo, usijipake chochote. Urudi ukae hapo kitini. Nikipata kijani, nakupa kibandiko."

Lilikuwa jambo dogo. Nilikaribia kucheka kwa furaha. Lakini shangazi alipita kati yetu, akaingia nyuma ya pazia, akakaa kitandani, na nilipomfuata nikamkuta amejikunyata.

"Mwambie afunge," alisema.

"Shangazi, unaongea nini?"

"Mwambie afunge tu. Siwezi kutoka mbele za watu hivihivi."

Nilimpandishia sauti. Nilimuuliza tutakula nini, atalala wapi, kwa nini anataka kutupa maisha yake yote kwa sababu ya kuoga. Aliniacha nimalize. Kisha akaniambia kitu ambacho nilikuwa nakijua nusunusu tu, kwamba kabla ya saluni alifanya kazi kiwanda cha ngozi.

"Nilikuwa naparua ngozi mbichi," alisema. "Harufu ile haitoki kwa maji. Ulikuwa unaoga, unajisugua kwa jiwe, unalala nayo. Siku moja nimempeleka mwanangu zahanati, tumekaa kwenye benchi. Mama mmoja akambeba mtoto wake, akahama. Akahama wa pili. Benchi zima likabaki mimi na mwanangu. Na daktari alipotuita, akafungua dirisha kwanza." Alijifuta pua kwa aproni. "Niliapa hakuna mtu atakayenisikia tena. Hakuna. Sasa huyu anataka nitoke nikae katikati ya chumba, na mashine, aninuse."

Huko mbele nilisikia mkaguzi akikohoa, akisogeza mkoba wake, na nikaogopa kwamba anajiandaa kuondoka.

"Ngozi ni zamani," nilisema hatimaye. "Imeshaisha."

"Utajuaje? Tangu unijue umewahi kunisikia bila pafyumu?"

Sikuwahi. Hilo lilikuwa kweli.

"Basi mimi nitasimama karibu na wewe," nilimwambia. "Nikisikia kitu, nitakukanyaga mguu, utarudi ndani, tutamwambia afunge. Haya, jikaze kisabuni."

Alicheka kidogo bila kutaka. Nikamletea kipande cha sabuni ya mche na ndoo ya maji, na gauni langu la zamani lililokuwa kwenye kamba uani. Alioga kwa muda mrefu mno. Nilisimama nje ya bafu nikimsikiliza akijisugua, na mkaguzi akaniuliza mara moja, "Bado?" na baadaye mara ya pili, kwa sauti ya mtu aliyechoka kungoja.

Alitoka amebana mikono ubavuni, viwiko vimegandamana na mwili. Gauni langu lilimbana kifuani. Nywele zilikuwa zimelala, zikitiririka maji, na alionekana mdogo. Alikaa kiti cha katikati, akafumba macho kama anayesubiri sindano. Nilisimama kando yake kama nilivyoahidi; pua yangu, iliyoamshwa na ule upepo, ilisikia sabuni tu.

Mkaguzi alikileta kimashine karibu. Njano iliruka mara moja. Kisha kijani. Kikakaa kijani. Alikizungusha nyuma ya shingo ya shangazi, begani, mkononi. Kijani.

"Hongera, mama," alisema, akabandika kibandiko kwenye kioo cha mlango, akatuaga, akaenda zake.

Nilitaka kupiga kigelegele. Shangazi alibaki kitini, macho wazi sasa, mikono bado imebana. Hakukitazama hata kibandiko. Kabla sijamwambia neno, mlango ukafunguliwa, akaingia Mama Miwani, mteja wetu wa miaka, amechelewa na analalamika juu ya foleni ya barabarani.

"Bi Puliza, niwahishe shoga yangu, nina kikao," alisema, akajitupa kwenye kiti cha sinki na kulaza kichwa nyuma.

Kuosha nywele ni kazi ya kuinama. Mkono unapita juu ya uso wa mteja, kwapa liko hapo puani pake, hakuna namna. Shangazi alisimama. Mkono wake ukautafuta mfuko wa aproni, lakini aproni ilikuwa nyuma ya pazia. Akanigeukia, na kwa macho akaniomba nisogee.

Nikasogea. Akafungua maji, akainua mkono wake wa kulia, na mimi nikiwa begani pake nikavuta pumzi.

Kulikuwa na sabuni ya mche. Kulikuwa na jasho, jasho jipya la woga. Na chini yake kulikuwa na kitu kingine, cha joto na kikavu, ambacho nilikijua kabla sijakumbuka ni nini. Kilikuwa kwenye lile koti, kabla halijafuliwa. Kilikuwa shingoni mwa baba aliponibeba.

Shangazi alikuwa akiutazama mguu wake, akisubiri. Sikusogea. Machozi yalikuwa yameshanijaa, na yeye akayaona, uso ukamsawijika.

"Nanuka," alinong'ona. "Sivyo? Sema tu."

"Una harufu ya baba," nilisema.

Mikono yake ikasimama kwenye povu. Maji yakaendelea kutoka. Aliinua kiwiko polepole, akageuza uso, akajinusa mwenyewe, pua isiyosikia kitu tangu miaka mingi. Akanusa tena. Kisha akanitazama mimi, kwa uchu, kwa sababu mimi nilikuwa nasikia na yeye hapana.

"Ikoje?" aliniuliza. "Niambie. Ikoje?"

"Jamani, maji yananiingia sikioni," alisema Mama Miwani.