Mgunga wa Minandi

Mwezi uliopita nilipita Babati, nikala perege kwenye mgahawa karibu na stendi. Mhudumu akaniambia wametoka bwawa la kufugia. Walikuwa watamu, sikatai, ila nilijikuta namkumbuka bibi yangu na ule mgunga wa minandi.

Unawajua minandi? Ni ndege weusi wenye shingo ndefu, wanaozama ziwani na kuibukia mbali na samaki mdomoni. Walizaliana juu ya mgunga uliosimama pale kijito kinapoingia ziwani, chini kidogo ya nyumba yetu. Kinyesi chao kiliufanya mti uwe mweupe kama uliopakwa chokaa, na upepo ukigeuka, harufu ilitukuta mezani. Kazi yangu ilikuwa kuparua magamba ya samaki ambao bibi aliwanunua kwa jirani yetu mvuvi, akawakaanga na kuwauza sokoni.

Mwaka mmoja samaki wakapungua. Jirani akawa analeta vidagaa vya perege visivyojaza hata kikaango. Siku moja bibi alikuwa ameokota chini ya mgunga samaki wachanga walioangushwa na ndege, akamwonyesha.

"Unaona? Hawa ndio wangekuwa biashara yangu mwakani. Ukate huo mti."

Jirani akakuna kichwa. "Mama, hawa ndege ndio wananionyesha samaki walipo. Wanakozama, ndiko ninakotupa nyavu."

"Basi endelea kugawana nao. Mimi nitanunua kwa mwingine."

Bibi ndiye aliyekuwa mteja wake mkubwa. Kesho yake jirani alikuja na shoka. Mti ulipoanguka, makinda waliokuwa hawajajua kuruka walitapakaa majini, na kambare wakawanyakua mmoja mmoja. Jirani alisimama ameshika shoka mpaka maji yalipotulia. Bibi aliingia jikoni akaanza kukatakata vitunguu.

Minandi wazima walizunguka angani siku kadhaa, kisha wakahama. Samaki hawakuongezeka. Jirani alihangaika ziwani na mtumbwi wake, akitupa nyavu huku na kule, akirudi na magugu maji. Mvua zilipoanza alikwenda Sigino kulima mahindi.

Msimu wa mahindi mabichi ulipofika, alikuja kutusalimia, amebeba mahindi begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Huvui tena?"

"Sina wa kumfuata, mama."

Bibi aliyapokea mahindi, akachochea moto. Aliyachoma, tukala watatu.

Mpaka leo sijui nani aliwamaliza samaki wetu: ndege, nyavu za matundu madogo, au tope lililoshuka kutoka mashambani. Huenda ni wote, kidogo kidogo. Bibi na jirani wameshafariki. Njia ya kushukia majini imefunikwa na matete, na nyumba tumeipangisha. Wapangaji waliniambia wanapapenda pale kwa sababu ni kimya.