Karani Aliyeisoma Hukumu ya Karakana Yake

Karani wa kikao hatetei lake. Ndiyo kanuni ya Marafiki, Wakristo waitwao pia Wakweka, na katika chuo chetu kidogo, katikati ya mashamba ya mahindi ya Indiana, Thirza Hadley aliishika kwa muda wote aliokalia kiti hicho.

Kwetu hakuna kura. Walimu huketi kimya, mwenye neno husimama akasema, na karani husikiliza mpaka aone kikao kimeelekea wapi. Kisha huandika uamuzi na kuusoma. Wakiafiki, umepita. Mmoja akiuzuia kwa dhamiri yake, unangoja. Vyeo pia hatuna. Hata mkuu wa chuo wanafunzi humwita kwa jina alilopewa na mama yake.

Thirza alifundisha ufumaji katika karakana iliyo chini ya jengo la sayansi. Wengi walijiandikisha wakidhani ni somo la kupumzikia. Uzi mmoja ukikosewa, alikuwa akisema neno moja tu, "Fumua," bila hasira, na kitambaa chote kikaanza upya. Walinung'unika, wakampenda.

Mwaka mmoja Orval Pennock, mwalimu wa kemia aliyekula naye chakula cha mchana siku zote, aliomba karakana ile iwe maabara. Ya kwake ilikuwa finyu na mivuke iliwaumiza wanafunzi vifua. Chumba kingine hakikuwapo.

Kabla ya kikao, Corinne Stubbs, mwalimu wa uchoraji, alimkuta Thirza bwaloni akinywa supu ya maharagwe.

"Mwachie mwenzio kiti leo tu," Corinne akamwambia. "Karani akishuka kitini anaruhusiwa kusema."

"Najua."

"Basi sema, dada. Wewe ukisema, nani atakupinga?"

"Ndiyo maana sisemi. Watakubali kwa kunionea huruma, halafu watoto waendelee kukohoa. Nipitishie chumvi, supu hii haina msimamo."

Kikaoni Orval alieleza shida yake huku akitazama viatu. Corinne alipinga kwa uchungu. Sote tulimtazama Thirza. Naye alikuwa akitazama mikono yake. Mwishowe Corinne alisimama akasema bado hakubaliani, lakini hatazuia. Thirza akaandika, akasoma kwa sauti yake ya kila siku kwamba karakana itakuwa maabara. Akauliza kama tunaafiki. Tukaafiki.

Mlangoni Orval alimsubiri. "Umenipa nilichotaka, na hata kukifurahia siwezi. Huu ni ukatili, Thirza."

"Kifurahie tu. Ila ukiniunguzia ile sakafu, nitakufumua wewe."

Nimeona watu wakiita dhamiri kile wanachokipenda tu, na wakavunja jumuiya kwa jina hilo. Thirza alijua tofauti. Kitanda kimoja cha mfumi, yaani mtambo wa kufumia, alikiweka jikoni kwake, vingine vikaenda shule za mjini. Alipangiwa kufundisha uandishi kwa wanafunzi wapya, akaufundisha vizuri, na mchana aliendelea kuketi na Orval, wakitaniana. Sikumsikia akilalamika, na sidhani alikuwa na lalamiko alilolificha.

Lakini gharama ilikuwepo. Kazi aliyoipenda kuliko zote hakuifanya tena chuoni, na baada yake hakuna aliyefundisha ufumaji pale.