Tulichoma Miti, Sombe Ikapita

Siku yangu ya kwanza kazini, Shefu wa Ofisi hakunipa hata kiti. Alinipeleka uani, nyuma ya ofisi ya kilimo ya Kamina, akanionyesha kopo la bati lililosimama juu ya kigogo, akaniambia nichungulie. Ndani mlikuwa na maji kidogo na panzi aliyekufa. Hicho ndicho kipima mvua. Mimi nilikuwa nimetoka shule ya Wamethodisti na shati jeupe, nikadhani mzee ananitania.

"Mvua haisemaka uongo," aliniambia. "Bantu njo banasemaka uongo. Weye, kila asubui, unasoma hapa mbele ya kunywa chai."

Nikasoma, miaka na miaka. Vijana mnaoniuliza tulifanya nini, kazi yetu ilikuwa kujua mdudu mharibifu atatokea wapi kabla hajatokea. Adui wetu mkubwa alikuwa kidung'ata wa muhogo, mgeni aliyetoka ng'ambo. Ni mdogo, mweupe kama aliyepakwa unga, na hukaa kwenye ncha changa za muhogo akizinyonya mpaka zinajikunja kama ngumi. Hupenda joto na kiangazi kirefu. Mvua kubwa humwosha akaanguka chini.

Hatukuwa na kompyuta. Wakuu wa stesheni za reli walisoma vipima mvua vyao na kutupigia simu ya reli. Sisi tulichora ramani kwenye karatasi zinazopitisha mwanga: moja ya mvua, ya pili ya joto, ya tatu ya udongo wa mchanga, ya nne ya mashamba ya muhogo. Kila mahali pa hatari tulipatia weusi kwa penseli. Kisha tulizipanga karatasi zote nne pamoja, tukazibandika kwenye kioo cha dirisha jua likiwa nje. Pale weusi wote ulipokutana, ndipo mdudu angekuja. Dirisha zuri lilikuwa la Shefu, naye alinung'unika kila mara kwamba tunamzibia hewa.

Nilipelekwa kwanza Luena, ambako vumbi la makaa ya mawe lilifanya maji ya kipima mvua kuwa meusi. Baadaye nikawekwa Kabongo, chini ya Agronomu wa Teritwari, yaani bwana shamba wa wilaya, mtu mkali aliyenilazimisha kwenda kwa baiskeli kuona kila nilichochora. "Karatasi haiko shamba," alikuwa akisema. Niliporudishwa Kamina nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, na nyuma yangu ikaja vita.

Stesheni za kaskazini zilinyamaza, moja baada ya nyingine. Ramani ya mwisho niliyochora kwa namba za kweli ilionyesha nchi ya chini, yenye joto, upande wa Kabongo, ikiwa nyeusi tii. Kamina, iliyo juu na yenye mvua zaidi, ilikuwa nyeupe. Inspekta wa Kilimo aliitazama dirishani kwa muda mrefu. Alisema Kamina ibaki safi kwa gharama yoyote, ili vita ikiisha wenzetu wapate mbegu kwetu. Kwa hiyo akaamuru: pingili zote za muhogo, yaani vipande vya shina vya kupandia, zinazotoka upande wa Kabongo zichomwe stesheni. Niliamini amri hiyo, na mpaka leo naona ile ramani ilikuwa sawa.

Nikasimama stesheni na askari wawili. Treni iliingia imejaa watu waliokimbia, wengine juu ya mabehewa. Mama mmoja, Mama Ngoie, alishuka na mzigo wa pingili uliofungwa kwa kitenge kilicholowa. Hakuwa na kitu kingine mkononi.

"Mama, ile miti inapashwa kuchomwa," nikamwambia. "Iko na mududu."

"Mududu wapi? Angalia, bwana. Hii njo ya mama yangu, alinipa wakati niliolewa. Niliacha masafuria, nikabeba hii."

Sikuona mdudu kwenye pingili zake. Lakini amri haikusema tutazame, ilisema tuchome. Nikamwahidi: "Nitakuletea ingine, mama, ya safi." Tukazitupa pingili zake motoni. Akalala chini kando ya ule moto, na mimi nikaona haya kumwinua.

Wakati huohuo, kutoka behewa la nyuma, wachuuzi walikuwa wakishusha magunia ya sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Sombe huchumwa kwenye ncha changa, kule kule anakokaa kidung'ata. Nilikimbia kwa Inspekta.

"Sombe iko chakula," akajibu. "Unataka tuzuie bantu chakula? Leo saa sita muji muzima utakuya hapa na majiwe. Na hawa basoda na bunduki yabo, unafikiri banakulaka nini?"

Nikarudi stesheni. Mnyonge hana haki: Mama Ngoie hakuwa na mji nyuma yake, sombe ilikuwa nao. Magunia yakapita mbele ya moto wetu, na jioni hiyo hata nyumbani kwangu tulikula sombe.

Kiangazi kilichofuata kilikuwa kirefu. Weupe wa kidung'ata niliuona kwanza kwenye jalala la soko, kwenye mihogo iliyojiotea palepale akina mama wanapotupa mabua ya sombe. Kisha ukaingia bustani za jirani. Mvua zilipoanza nilichagua pingili kutoka shamba la ofisi, nikazikagua kwa kioo cha kukuza, nikampelekea Mama Ngoie. Alikuwa amengoja ahadi yangu huku akilimia watu ili watoto wake wale. Alizipokea kwa mikono miwili.

Mvua zilikatika mapema mwaka huo. Siku moja Mama Ngoie aliingia ofisini, akaweka ncha ya muhogo juu ya ramani yangu. Ilikuwa imejikunja, nyeupe.

"Bwana, hii njo ile mulituchomea?"

"Njo hiyo, mama."

"Basi hii nayo, utaichoma weye, ao nichome minyi?"

Tulikwenda wote shambani kwake. Alichoma mwenyewe. Mimi nilishika kiberiti.

Sasa nimestaafu. Vijana wa ofisi hunionyesha ramani zao zinazotoka kwenye setilaiti, nzuri kuliko zetu mara mia. Huwauliza iko wapi karatasi ya kuonyesha mtu gani anasimamishwa njiani na nani anapita. Wananijibu kwa heshima kwamba hiyo si hali ya hewa, mzee. Nami huitikia, kwa sababu nilifundishwa hivyohivyo.

Nyumbani wakipika sombe, mimi hula bukari, ugali wetu, kwa chumvi. Wajukuu wanadhani ni tumbo.