Lihanda na Folder ya Mama

Bado nampigia Lihanda simu. Leo asubuhi nimempigia mara mbili, na najua kabisa yuko mochari. Akili imekataa, marafiki, sijui niwaambie nini.

Kwa wasiomjua, tulifanya kazi pamoja kwa studio ndogo hapa Kakamega mjini, picha na printing. Programu nyingi za matanga mlizoshika mkononi ni yeye alizipanga.

Alikuwa mtu wa ile screen nyeusi. Sisi tunabonyeza mouse, yeye anaandika command. Picha zote alizihifadhi ndani kabisa kwa disk ya kompyuta yake, halafu anaweka shortcut kwa desktop ndio zifunguke haraka.

Alinifundisha hiyo kitu mpaka akachoka. "Metrine, andika ln, acha nafasi, weka -s. Halafu sema kitu chenyewe kiko wapi. Jina la shortcut linakuja mwisho."

Kila siku nilikuwa nageuza, jina la shortcut naliweka mbele. Anafuta, anasema, "Anza tena, dada. Kitu chenyewe kwanza."

Ijumaa alishika kifua akiwa anakata karatasi. Jumamosi hatukuwa naye tena.

Jumatatu boss akaniambia nitoe vitu vya Lihanda, kompyuta inataka kuformatiwa. Kitu chake binafsi kilikuwa kimoja tu, folder kwa desktop imeandikwa "Mama". Kila akienda nyumbani Malinya alikuwa anampiganga mama yake picha, halafu anaweka kamera juu ya kiti ili wapigwe wote wawili.

Nikanakili hiyo folder kwa laptop yangu. Picha za miaka yote hiyo ziliingia kwa sekunde moja. Hapo ndio ningeshtuka, na sikushtuka. Nikamwambia fundi aliyeitwa kuformat aendelee.

Jana nikaenda Malinya na laptop, tuchague picha ya programu ya matanga yake. Mama alikuwa amevaa miwani, ametoa viti viwili nje, ananingoja.

Nikafungua. Majina yote yako, picha hakuna hata moja. Nilikuwa nimebeba shortcut tupu, moja kwa kila picha. Picha zenyewe zilibaki kwa ile disk, na fundi alishaifuta. Nikasogea kando nikampigia fundi, akaniambia hazirudi.

Nikamwambia mama laptop imekataa. Nilimdanganya mama aliyefiwa, nyumbani kwake, nikinywa chai yake.

Akaangalia screen kwa muda. Akasema, "Lakini si naona maandishi? Nisomee basi."

Nikasoma, "Mama na kuku." Akacheka kidogo. "Hiyo ingokho ilikuwa inasumbua. Akaniambia, mama, ishike kama mtoto."

Nikasoma, "Mama na mimi mlangoni." Akasema siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha, na Lihanda alimwekea mkono begani, kitu hajawahi kufanya tangu akuwe mkubwa. "Soma hiyo tena." Nilisoma mara tatu.

Hana picha nyingine yao wawili. Kijana alikuwa anapiga kila mtu picha, nani alikumbuka kumpiga yeye? Kwa programu tutaweka ile ya kitambulisho, ambayo mwenyewe alikuwa anaichukia.

Naomba jamani, kama ulikuwa kwa harusi au matanga yoyote na Lihanda na mama yake wako nyuma kwa picha yako, hata kama ni blurred, nitumie inbox. Na tafadhali, mama hana smartphone, asiambiwe haya na mtu mwingine kabla yangu.

Lihanda, kesho tunakuzika. Kabla hawajakutoa nje ya nyumba nitamvuta mama kando. Nimejaribu kupanga maneno tangu jana na kila mara naanza na fundi, naanza na boss, naanza na laptop. Nafuta.

Kitu chenyewe kwanza. Ni mimi nilizipoteza.

Lala sasa, ndugu yangu. Mama nitamwambia.