Tulibishana kuhusu kesi ya hackers, Felix akatoka kwenye mashine

Wakuu, habari zenu. Hii niliiona kwa macho yangu hapa Rangwe, na sijaongeza chumvi.

Mimi ni Mkuria wa Migori, kazi ya ualimu ndiyo ilinileta huku. Dholuo yangu ni ya kuombea maji tu. Jioni napitia gaming ya Ouma, kibanda cha kucheza game kwa kulipia, pale sokoni.

Console ya Ouma ilikuwa imefanyiwa jailbreak, yaani kufuli ya kampuni imevunjwa ili icheze game za kunakili, kama gaming nyingi mnazozijua. Msijifanye watakatifu. Sheria yake ilikuwa moja tu: usiunganishe mashine na internet, kampuni isije ikaifunga.

Ndani ya game yake ya mpira kulikuwa na timu ya kijiji. Felix, ndugu mdogo wa Ouma, ndiye aliiweka kwa kutumia patch ya hackers, kifaili cha kubadilisha game. Jezi ya kijani, majina ya vijana wa hapa, na yeye mwenyewe striker, na sura yake kabisa.

Felix alifariki mwaka jana. Tuliendelea kumchezesha.

Mama yao, kila Jumapili akitoka kanisani, alikuwa anapitia kumwangalia. Offside haijui. Kijana wake akifunga anapiga makofi, kisha anaenda kupika.

Sasa ikaja habari kwamba kampuni inayotengeneza hizo console imewapeleka kortini hackers wanaozifungua. Gaming ikagawanyika.

Mimi nilisema kampuni ina haki, mtu ametoa jasho lake. Ouma akaniuliza, "Mwalimu, hiyo kampuni imewahi kuweka timu ya Rangwe? Si ni hao hackers walituweka?"

Hapo alinibana kweli.

Ochi, fundi wa simu wa duka la pili, akaingilia. Huyu jamaa hakubali kushindwa na mtu. "Omera, ndugu yangu, hao watu wa kampuni wako ng'ambo. Watatuona na nini hapa?"

Kabla Ouma ageuke, Ochi alikuwa amewasha hotspot na kuunganisha console, eti atuonyeshe tunaogopa bure.

Mwanzo hakuna kilichotokea, na Ochi akacheka. Kisha screen ikawa nyeusi, ikarudi ikisema inafanya update. Ouma akampokonya simu, lakini update ilikuwa imeshaingia. Baada ya hapo game ikakataa kufunguka.

Fundi wa Homa Bay town alisema jailbreak hairudi tena. Tukatafuta game original, ikafunguka vizuri sana, lakini haikuwa na timu yetu. Na hakuna mtu alikuwa ameweka backup. Iliniuma, sitaficha.

Jumapili mama akaja. Ouma alijifanya anatengeneza waya, Ochi akaangalia chini. Mama alitazama wazungu wakikimbia kwa screen, kisha akanigeukia mimi.

"Mwalimu, Felix hachezi leo?"

Nilikosa uongo wa kumwambia. "Mama, mashine imemtoa. Tumejaribu, hatuwezi kumrudisha."

Akakaa mpaka mechi ikaisha. Akasimama, akashika mkono wa kila mmoja wetu, hata Ochi, vile watu hufanya matangani.

"Basi," akasema, "sasa ndio nimemzika."

Wakuu, bado naamini kampuni ina haki ya kwenda kortini. Ila pale kwa Ouma sijafungua tena hiyo maneno.

Nilichojifunza: kama mtu wako yuko ndani ya mashine, toa copy leo, usingoje.

Team kampuni na team hackers, uwanja ni wenu. Lakini kabla hujamtetea mtu, tuambie wewe ungemjibu mama nini.